Maji ya AC Yakimwagika Ndani ya Gari: Anza na Maji, Usianze na Geji

Magari yenye shida hii huletwa gereji kwa maneno yaleyale: "Fundi, AC inavuja." Mwulize mwenye gari inavujia wapi. Mmoja atakuonyesha matone yanayodondoka chini, karibu na tairi la mbele. Mwingine atafungua mlango wa abiria, atainua mkeka na kubonyeza kapeti kwa kiganja mpaka maji yachuruzike kati ya vidole. Wote wawili wamesema neno moja, lakini gari la kwanza ni zima kabisa. La pili ndilo bovu, na mara nyingi ubovu wake ni kwamba yale matone ya mwenzake hayadondoki.

Nimefanya kazi ya AC za magari kwa miaka mingi, na vijana niliowapokea karibu wote wameanza kwa kosa moja. Wakisikia "AC inavuja" wanakimbilia geji, wanafunga mipira ya bluu na nyekundu, wanasoma presha, na kabla hujageuka wameshaongeza gesi. Gesi ikivuja hupotea hewani. Pengine itaacha alama ya mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, kwenye maungio ya mabomba, basi. Haiwezi kulowesha kapeti. Kilicholowesha kapeti ni maji, na maji yana asili yake na njia yake. Ukiyafuata hayo mawili, geji utaifungua pale tu inapohitajika, na mara nyingi hutaihitaji.

Asili yake ni hewa yenyewe. Chupa ya maji iliyotoka kwenye friji huota matone kwa nje, na hakuna anayesema chupa inavuja. Ndani ya dashibodi mna koili iitwayo evaporeta ambayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa wingi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi iliyoshiba unyevu hubeba mvuke wa gramu 30 hivi. Hewa hiyohiyo ikipozwa hadi nyuzi 5 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7. Zilizobaki lazima zigeuke maji papo hapo juu ya mapezi ya koili, yaani vile vibati vyembamba vilivyopangwa juu yake. Feni ya kabini ikiwa kwenye kasi kubwa husukuma mita kadhaa za ujazo kwa dakika, kwa hiyo usishangae kwamba siku ya hewa nzito gari moja linaweza kutoa lita nzima ya maji kwa saa, hata zaidi. Siku ya hewa kavu linaweza lisitoe hata kijiko. Likumbuke hilo, kwa sababu wapo mafundi waliovunja dashibodi wakitafuta kizibo ambacho hakikuwepo, kumbe siku hiyo hewa ilikuwa kavu tu.

Njia yake ni fupi. Evaporeta imekaa ndani ya kasha la plastiki nyuma ya dashibodi, mara nyingi upande wa abiria, nyuma ya droo. Sakafu ya kasha hilo imeinama kidogo kama sinia, na mahali palipo chini kuliko pote pana tundu. Tunduni pameunganishwa mpira mfupi, unene wake kama wa kidole, unaopenya ukuta wa chuma uliotenganisha injini na kabini na kutokeza nje. Kwenye magari mengi hakuna pampu wala valvu ya umeme. Maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Sasa kaa ufikirie: lita moja kwa saa inategemea tundu dogo na mpira mmoja ambao hakuna aliyewahi kuutazama tangu gari litoke kiwandani.

Kabla hujalala chini ya gari, yajue maji unayoyatafuta. Chukua kitambaa cheupe au karatasi safi ya kufutia, kandamiza pale palipolowa, kisha ipeleke kwenye mwanga. Maji ya evaporeta hayana rangi. Yanaweza kunuka uvundo kama yamekaa siku nyingi, lakini hayatelezi kati ya vidole. Ukiona rangi ya kijani, waridi au chungwa, ukahisi utelezi, ukasikia harufu tamu-tamu, hayo ni maji ya rejeta. Yanatoka kwenye rejeta ndogo ya hita, ambayo imekaa jirani kabisa na evaporeta, wakati mwingine ndani ya kasha hilohilo. Dalili yake nyingine ni kioo cha mbele kupata ukungu wenye mafuta, ukikifuta kinaacha michirizi, na maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakokwenda. Usiyaonje kamwe ili kuhakikisha, hata kama umeona fundi mkubwa akifanya hivyo. Kemikali iliyomo kwenye maji hayo ni sumu. Hapo kazi si ya AC tena, na ukimwambia mwenye gari "nimezibua mpira, nenda," unamwachia injini itakayochemka njiani.

Aina ya tatu ndiyo inayowadanganya wengi, nayo ni maji ya mvua. Hayana rangi, hayana harufu, hayatelezi. Kwa macho na kwa mkono huwezi kuyatofautisha na ya evaporeta. Yanatofautishwa kwa maswali.

Nilijifunza hilo kwa gari lililonirudia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta mpira wa kutolea maji una uchafu kidogo, nikauzibua, nikaridhika. Wiki mbili baadaye likarudi limelowa palepale. Nikauzibua tena ingawa ulikuwa wazi, nikabadilisha na mpira wenyewe. Likarudi. Safari ya tatu nikamwuliza mwenye gari swali ambalo lilipasa kuwa la kwanza siku ya kwanza: gari hili hulala wapi? Akasema chini ya mti. Nikafungua boneti, nikatoa plastiki iliyo chini ya waipa. Mlikuwa na majani yaliyooza yakawa kama udongo mweusi, yamejaza mfereji wote na kuziba matundu mawili ya pembeni yanayoshusha maji ya mvua. Mvua ikinyesha usiku, mfereji ulijaa kama beseni, maji yakapanda mpaka kwenye tundu la kuvuta hewa, yakaangukia juu ya feni, kisha kwenye kapeti. Nilipoishusha feni nikakuta mstari wa matope umezunguka ndani ya kikombe chake, unaonyesha maji yalikuwa yanafika wapi. AC haikuhusika hata kidogo. Mwenye gari alikuwa amenilipa mara mbili kwa kazi isiyomsaidia, na fedha hiyo nilimrudishia.

Tangu siku hiyo siinui mkeka kabla sijauliza. Kapeti hulowa siku gani: siku za mvua, siku za kuosha gari, au siku za joto ukiwasha AC safari ndefu? Ukikata kona unasikia maji yakibembea nyuma ya dashibodi? Maji yanamwagika ukiwa unaendesha, au unayakuta umepaki? Gari limefanyiwa kazi gani karibuni: injini imeshushwa, giaboksi imetolewa, kioo cha mbele kimebadilishwa, redio imefungwa? Kila jibu lina maana yake. Sauti ya maji kubembea kwenye kona ni kasha lililojaa. Gari lililolowa bila AC kuwashwa wiki nzima ni mvua, na hapo utatafuta kwenye mfereji wa waipa, kingo za kioo cha mbele, plastiki iliyo ndani ya milango, na mirija ya dirisha la paa kama lipo. Gari lililotoka kushushwa giaboksi jana na leo limelowa, usitafute mbali: angalia kama mpira wa maji umerudishwa.

Ukishasikiliza, jaribu. Paki mahali tambarare kabisa, na hilo usilipuuze, kwa sababu gari lililoinamia mbele au upande laweza kumwaga maji nje ya ukingo wa sinia hata mpira ukiwa mzima. Washa injini, weka AC baridi ya mwisho, feni kasi ya kati, hewa iingie kutoka nje badala ya kuzunguka ndani, ili koili ipate unyevu mpya kila wakati. Subiri dakika 15 hadi 20. Kisha chuchumaa utazame chini. Kama siku ina unyevu na chini ni pakavu, maji yamekwama juu. Kama matone yanaanguka vizuri na ndani bado panalowa, basi ama mpira umelegea kwenye maungio yake, ama kasha lina ufa, ama maji unayoyafuata si ya AC.

Siku kavu sisubiri hewa iniletee maji, namimina mwenyewe. Napima nusu lita kwenye chupa, natafuta tundu lililo upande wa evaporeta, lile la sensa (kifaa kinachopima baridi ya koili) kwa mfano, na naingiza maji taratibu kwa mrija mwembamba. Hakikisha hayapiti upande wa feni wala kwenye nyaya. Chini ya gari naweka bakuli. Kama mpira ni mzima, sehemu kubwa ya nusu lita itashuka ndani ya dakika chache, na iliyobaki ni ile iliyoshikwa na mapezi na kona za sinia. Kama inatoka tone, kimya, tone, kimya, mpira umebanwa ingawa haujaziba kabisa. Hii ndiyo hali inayokera kuliko zote: siku ya unyevu mdogo mpira huo mwembamba unatosha, siku ya unyevu mwingi hautoshi, na mwenye gari anaonekana mwongo kila akija.

Sasa kuzibua. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini imeharibu magari mengi kuliko ubovu wenyewe.

Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake; weka stendi. Ekzosi iache ipoe, kwa sababu mpira huu mara nyingi umekaa karibu nayo. Vaa miwani, na usiweke uso chini ya tundu ukiangalia juu. Maji yaliyokaa ndani ya kasha wiki kadhaa hutoka kwa ghafla, na hayafai kuingia machoni.

Anza kwa vidole. Ncha ya mpira kwenye magari mengi imebanwa kama mdomo wa bata, ili maji yatoke lakini wadudu na joto la injini visiingie. Midomo hiyo ikikauka hushikana. Ibonyeze pembeni, izungushe kati ya vidole. Mara nyingi utahisi kitu laini kimejaa ndani, kisha kinalegea. Kinachotangulia ni ute wa kijivu, mzito kama uji uliopoa, una nywele, mbegu, mabawa ya wadudu na vumbi lililoshikana. Nyuma yake yanafuata maji ya kahawia kwa mkupuo, halafu mkondo mwembamba, halafu maji meupe, halafu matone. Usiondoke mpaka umeona matone. Wengi hushangilia mkupuo wa kwanza, wakaenda kunawa, kumbe nusu ya ute umebaki kwenye sinia na utashuka tena kuziba kesho.

Vidole visipotosha, tumia mashine ya kufyonza maji: weka mdomo wake kwenye ncha ya mpira, zungushia kitambaa, vuta. Kufyonza kunaleta uchafu nje, kwako. Upepo wa kompresa ya gereji, ile ya kujazia matairi, unaurudisha juu, ndani ya kasha, juu ya koili. Nautumia upepo mara chache, kwa presha ndogo, baada ya kufyonza kushindwa, na kwanza nafunika viti. Ukiufungulia kwa nguvu zote utauchomoa mpira kwenye maungio yake ya ndani, na hapo umegeuza kizibo cha dakika tano kuwa kazi ya kufungua dashibodi.

Kama lazima uingize kitu, ingiza uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani. Unapinda, una ncha butu, hautoboi. Waya usiingize. Narudia: waya usiingize, hata uwe umeukunja ncha. Niliwahi kusimama karibu kijana mmoja akisukuma waya wa chuma kwenye mpira huo kwa hasira, kwa sababu ulikuwa umegoma. Tukasikia "ssss" ndefu kutoka ndani ya dashibodi, na harufu ya mafuta ya kompresa ikatoka kwenye matundu ya hewa. Mirija ya evaporeta ni aluminiamu nyembamba, na kwenye baadhi ya magari tundu la kutolea maji liko sentimita chache tu chini yake. Kubadilisha koili ile kulimaanisha kushusha dashibodi nzima, usukani, na kupaki vipande mezani kwa mpangilio ili virudi. Yule kijana hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kilicho upande wa pili wa mpira. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Mpira ukishafunguka, usifunge kazi bila kujua ulizibwa na nini. Toa filta ya hewa ya kabini. Ukikuta nafasi yake iko tupu, umepata jibu: vumbi na majani vinakwenda moja kwa moja kwenye koili iliyolowa, vinashikana, vinashuka na maji mpaka tunduni. Ukikuta filta imejaa mpaka imepinda, umepata jibu lingine ambalo nitalifikia kwenye barafu. Ukikuta udongo mgumu kwenye ncha ya mpira, ni mdudu amejenga kiota, na mara nyingi ni kwa sababu ile midomo ya bata ilikatika au fundi aliyetangulia aliikata "ili maji yatoke vizuri." Nunua mpira kamili. Wapo wanaofunga wavu mwembamba kwenye ncha kuzuia wadudu; siwashauri, wavu wenyewe hukamata ute na kuwa kizibo.

Mpira uliochomoka ni rahisi kuuona kama unajua uufuate mpaka wapi. Maji hayaanguki chini. Yanatambaa kwenye ukuta, yanaingia chini ya kapeti na kusafiri. Unaweza kukuta palipolowa ni chini ya kiti cha nyuma ilhali chanzo kiko mbele. Fuata kutoka palipokauka kuelekea palipolowa, juu zaidi kadiri uwezavyo, kwa tochi na kitambaa. Kagua pia pale mabomba ya AC yanapopenya ukutani: sponji ya kuziba ikiwa imeoza, maji yanapita kandokando. Na bomba la baridi lililovuliwa kitambaa chake cha kuzuia joto huota matone kivyake, yakadondokea mguu wa abiria huku kasha na mpira vikiwa havina kosa lolote. Kama evaporeta ilibadilishwa karibuni, hesabu klipu zinazounganisha nusu mbili za kasha. Klipu moja iliyosahaulika inatosha.

Hapo penye shida ndipo nimekuta mambo ya kusikitisha. Nimeona kasha limepakwa silikoni kila mahali mpaka haliwezi kufunguliwa. Nimeona tundu la drili lililotobolewa kwenye kasha "kusaidia maji kutoka," na maji yakawa yanadondokea soketi za umeme chini yake. Nimeona sakafu ya gari imetobolewa ili kapeti likauke. Mtu aliyetoboa sakafu hakuwa ameuona mpira hata mara moja.

Sasa barafu, na hapa ndipo geji inapopata kazi. Mwenye gari atakueleza hivi: safari inaanza vizuri, AC ni kali, lakini baada ya saa moja hewa inapungua kwenye matundu ingawa feni inapiga kelele ileile. Akisimama dukani kidogo na kurudi, anakuta bwawa miguuni, halafu AC inafanya kazi tena kama kawaida. Maelezo hayo yote ni ya koili iliyoganda. Maji yaliyopaswa kushuka kidogo kidogo yamegeuka barafu juu ya mapezi, yameziba njia ya hewa, na gari lilipozimwa barafu yote imeyeyuka kwa pamoja. Hata mpira mzima unaweza kuzidiwa na mkupuo huo, na vipande vya barafu vikiangukia nje ya sinia ndiyo kabisa.

Koili hugandaje? Haipaswi kushuka chini ya nyuzi sifuri. Sensa iliyochomekwa kwenye mapezi yake ndiyo inayoiambia kompresa ipumzike au ipunguze nguvu inapokaribia hapo. Sensa ikifa, au ikirudishwa nje ya mahali pake baada ya matengenezo, kompresa haipumziki. Filta iliyoziba au feni dhaifu nayo hugandisha, kwa sababu hewa ya kuipasha koili haifiki. Gesi ikipungua pia, presha ya upande mdogo (ule wa mpira wa bluu) hushuka na sehemu ya koili inayopata gesi huwa baridi kupita kiasi. Kwa gesi ya AC iitwayo R134a, nyuzi sifuri ni karibu bar 2 (bar ni kipimo cha presha) kwenye geji, na nyuzi 10 chini ya sifuri ni karibu bar 1. Sindano ya upande mdogo ikikaa chini ya 2 kwa muda mrefu na kompresa haikatiki, unajua kinachotokea ndani hata kama hukioni. Anza na kilicho rahisi: filta, kisha sensa, kisha gesi.

Na kama ni gesi, usiongeze kwa kukisia. Imepungua kwa sababu imetokea mahali. Tafuta mahali hapo, rekebisha, vuta hewa yote kwa pampu, kisha jaza kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Iliyobaki kwenye mfumo ivute kwa mashine; usiiachie hewani. Kilo moja ya R134a hupasha joto dunia mara zaidi ya 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, na ikigusa ngozi ikiwa maji-maji inaunguza kwa baridi. Magari mapya mengi yanatumia R1234yf, ambayo huweza kushika moto. Soma stika kabla hujafunga mpira wowote, wala usichanganye hizo mbili.

Kazi ya mwisho ndiyo inayorukwa kuliko zote: kukausha. Kapeti hudanganya. Juu yake hukauka kwa jua la mchana mmoja, lakini chini mna sponji nene inayoshika maji kwa wiki kadhaa. Huko ndiko kunakozaliwa uvundo, kutu ya sakafu, na hitilafu za umeme zinazojitokeza miezi baadaye bila mtu kuzihusisha na AC. Toa plastiki za kizingiti cha mlango, fungua kiti ikibidi, inua kapeti, ingiza mkono chini ya sponji. Utashangaa ni maji kiasi gani. Kabla ya kufungua kiti, tenganisha betri na subiri muda ulioelekezwa kwa gari hilo, kwa maana chini ya viti hupita soketi za manjano za mifuko ya hewa ya usalama. Kwenye magari ya haibridi na ya umeme, nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Kama hujafundishwa kuzishughulikia, usiziguse, mwite aliyefundishwa. Fyonza maji kwenye sponji, nyanyua kapeti kwa vipande vya mbao hewa ipite chini, weka feni. Kila soketi uliyoikuta imelowa, ifungue, itazame kama ina ukijani kwenye pini, ikaushe.

Mweleze mwenye gari mapema kwamba gari litalala. Wengi hukubali ukiwaonyesha sponji ikikamuliwa. Mwambie pia kwamba dakika chache kabla ya kufika anaweza kuzima kitufe cha AC na kuacha feni ikiendelea, koili ikauke kidogo kabla ya kuzima gari. Ute hupenda palipolowa. Na filta ya kabini abadilishe kwa wakati.

Kapeti mimi silirudishi siku hiyohiyo. Asubuhi yake nawasha AC tena dakika 20, nikiwa nimetandika karatasi nyeupe kwenye sakafu tupu ya chuma, chini ya kasha na kwenye maungio ya mpira, na bakuli nje chini ya gari. Nakwenda na kurudi na gari mara moja au mbili, nikikata kona na kufunga breki. Karatasi ikibaki kavu na bakuli likipata maji, narudisha sponji, kapeti, kiti na betri. Kisha namwita mwenye gari achuchumae nami pale mbele, aone tone linavyodondoka, ili akiliona tena nyumbani asidhani gari limeharibika.